Karatasi ya Pili Usimsomee Mama

2 Februari

Kaka yangu Fundi,

Shikamoo. Tangu uniambie kwamba nikipiga simu Mama anasikia sauti yangu kisha anaanza kunitafuta chumba kwa chumba, mpaka uvunguni, simu nimeiweka mbali. Nimepata wazo lingine. Nitakuwa naandika barua, karatasi mbili kila mara. Ya kwanza msomee Mama kwa sauti, ukae upande wa sikio lake la kulia. Ya pili ni yako peke yako, usimsomee Mama. Na wewe unijibu kwa kalamu, usiniletee visingizio vya mikono yenye grisi. Unatengeneza piano, hutengenezi malori.

Ya Mama nimeijaza porojo. Nimenunua viatu, na jirani wa juu ana mbwa anayekoroma kuliko marehemu Baba. Maneno yenyewe yako huku.

Nimepata albamu. Albamu nzima, Kaka, na studio yao, na mtayarishaji mwenye jina mjini. Sisi tunamwita Miwani kwa sababu ana tatu na zote ziko kichwani. Amesikiliza kila nilichotunga, akavuta midomo. Halafu siku moja nikiwa napasha koo, nikaimba wimbo wa taa bila kufikiria. Akasimama akauliza, huo ni wa nani? Nikamwambia ni wa mama yangu.

Unakumbuka wimbo huo ulivyozaliwa? Mama yuko uani anafua, redio ya jirani inapiga ule muziki wa pop aliokuwa akijifanya haupendi. Ghafla akaiacha nguo kwenye beseni, akapita jikoni huku povu linamchuruzika mpaka viwikoni, akakukalisha kwenye kiti cha piano na kukuambia, "Nitafutie kordi ya hoteli." Miguu yako ilikuwa haifiki kwenye pedali. Mimi nilikuwa chini ya piano, mahali pangu, nikisikiliza mbao zinavyounguruma.

Kiitikio kiwe cha jirani, daraja liwe la hoteli. Mama alisema hivyo kwa kila wimbo aliotunga. Kiitikio mtu akisikie mara moja, mara ya pili awe anaimba na wewe. Halafu darajani, pale katikati ya wimbo, umchukue umpeleke kule hotelini alikokuwa akiimba jioni na bendi yake ya jazi, kwenye kordi za taa nyekundu, umzungushe kidogo, kisha umrudishe kwao salama. Nimetunga hivyo maisha yangu yote na watu wananiuliza nilisomea wapi.

Sasa sikia. Nataka kiitikio niimbe mimi, na daraja aimbe Mama kwa sauti yake mwenyewe. Mwisho wa Machi nitakuja na kijana wa mitambo, tuje tumrekodi hapohapo kwenye piano ya nyumbani. Uliwahi kuniambia majina yanamtoka, siku zinamtoka, lakini wimbo wa taa akikaa anaumaliza wote. Naomba nimuwahi, Kaka, kabla haujamtoka na huo. Niambie kweli, bado anaimba?

Mdogo wako,
Kasuku


14 Februari

Kasuku,

Marahaba. Mama anakula, analala, na viatu vyako amevisifu bila kuviona. Mbwa amemchekesha sana. Ameniagiza nikuambie umpe mto mrefu alalie ubavu.

Bado anaimba. Jana asubuhi aliniita kwa jina la Baba, halafu la mjomba, halafu akakata tamaa akaniita "wewe hapo", kisha akakaa kwenye piano na kuimba wimbo wa taa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakupoteza hata neno. Nilisimama na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa. Kwa hiyo njooni.

Ila sitaki aibu. Piano za kanisa, za shule, za matajiri, zote mji huu nazirekebisha mimi, halafu yetu inalia kama kabati. Unakijua kile kitufe cheupe cha katikati chenye doa la sigara, kilichoshuka nusu sauti. Ndicho kilichowafanya hoteli waitoe piano ile bure, Baba akaja nayo kwenye mkokoteni na kung'oa dirisha ili ipite. Miaka yote hii nimetaka kukikaza. Mama anakataa, anasema iache hivyohivyo. Ni bahili, unamjua. Hata mapazia hataki yabadilishwe.

Safari hii sitamuuliza. Mama Mdogo anamchukua akakae kwake siku kadhaa. Akirudi atakuta kila waya umekaa mahali pake, zawadi yake ya siku ya kuzaliwa. Usiniharibie kwa kuitaja kwenye karatasi ya kwanza.

Na huyo Miwani mwambie daraja lile lina kordi mbili ambazo si za kuchezea.

Kaka yako,
Fundi


1 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nafurahi mpaka naogopa. Studio ni chumba kisicho na dirisha, kuta zimebandikwa mazulia, na kuna birika la umeme linalochemka muda wote kama mgonjwa wa pumu. Mpiga besi ni mama mtu mzima anayefuma sweta kati ya rekodi moja na nyingine. Mpiga ngoma hazungumzi. Nimewapenda wote.

Wimbo unakwenda vizuri. Miwani ameuongezea mwendo kidogo, makofi kwenye kiitikio, watu watacheza. Zile kordi zako mbili tumezirahisisha kidogo tu, hata hutajua. Mimi niko sawa, sauti iko sawa, kila kitu kiko sawa.

Mama alisemaje kuhusu piano? Nieleze kila kitu, uso wake ulikuwaje, alikaa vipi. Nimepiga picha kichwani jinsi anavyokushika shavu.

Wako,
Kasuku


12 Machi

Kasuku,

Marahaba. Piano imekamilika. Sauti imetulia, safi kabisa, hata mwalimu wa kwaya alipita akasifia.

Mama ana mafua kidogo. Pia barabara ya kwetu inachimbwa, gari la mitambo halitapita. Naona mwisho wa Machi haufai. Tuseme Juni.

Karatasi yako ya kwanza ameipenda.

Fundi


20 Machi

Kaka,

Mafua mpaka Juni? Hayo ni mafua au mimba?

Sikuandika shikamoo kwa makusudi. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi, nikaisoma tena nikiwa nimekaa, na haikuongezeka. Maneno ya mtu anayemfukuza mpangaji. Nilikuuliza uso wa Mama ulikuwaje, ukanijibu habari za mwalimu wa kwaya.

Mimi nakujua. Hutaki sauti ya Mama ikae kwenye muziki wangu. Ulishasema mezani, mbele ya wageni na mbele ya Mama Mdogo, kwamba nyimbo zangu ni chingamu, mtu anatafuna utamu ukiisha anabandika chini ya meza. Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Kama unadhani nitamchafua, sema. Usisingizie barabara.

Basi, kwa kuwa leo nasema kweli, niseme yote. Nilikudanganya. Kordi zako hatukuzirahisisha, Miwani amezitoa. Daraja sasa linatembea juu ya kordi zilezile za kiitikio, kama mtu aliyetoka kwenda safari akaishia getini. Anasema msikilizaji wa siku hizi akipotea hapo harudi. Nilibishana naye siku mbili kisha nikanyamaza, maana anayelipa studio si mimi.

Na kuna aibu nyingine ambayo sijamwambia mtu. Pale darajani penye "nimekuachia taa mlangoni", nikifika kwenye neno la mwisho sauti yangu inashuka. Inashuka nusu nzima. Nikiwa nimejisahau inashuka, nikiwa makini inakaa mahali pake na inakuwa kama tangazo la sabuni. Nimerudia mpaka yule mama wa besi amemaliza mkono mzima wa sweta. Miwani sasa anainyanyua kwa mashine. Miaka yote hii naitwa mwimbaji, kumbe wimbo wa mama yangu mzazi siujui.

Mwisho wa Aprili wanafunga albamu. Bila Mama wimbo utatoka hivyohivyo, umenyooshwa kama shati la shule, au nitautoa kabisa. Bora niutoe. Kwa hiyo niambie, unaninyima Mama kwa nini?

Kasuku


29 Machi

Mdogo wangu,

Nimekosea karatasi.

Ya kwanza ilikuwa imenata ndani ya bahasha, nikaitoa ya pili, nikavaa miwani, nikakaa upande wa sikio la kulia la Mama, nikaanza kusoma. Nilipofika kwenye mimba nikajua nimeumia. Nikataka kukunja. Mama akanishika mkono akasema niendelee, leo barua ina chumvi. Kwenye chingamu alicheka mpaka akashika mbavu. Basi nikasoma, ningefanyaje.

Kabla sijafika mbali, nikueleze nilichokuficha. Mama aliporudi kutoka kwa Mama Mdogo, nilimfunika macho kwa kitambaa, nikamwongoza mpaka kwenye piano, nikamfunua. Akakaa. Akaanza wimbo wa taa. Alipofika kwenye neno "mlangoni" alisimama, akauangalia mkono wake kana kwamba umemuuma. Akarudia. Akasimama palepale. Kisha akakifunga kifuniko polepole, akaniuliza kwa adabu, "Piano ya nani hii?" Nikamwambia ni yetu. Akasema yeye hawezi kupiga piano ya watu bila ruhusa.

Tangu siku ile hakuimba tena. Sijui kama unaelewa nyumba hii bila yeye kuimba inakuwaje. Mabomba yanasikika. Nilidhani ugonjwa umefika hapo, umechukua na wimbo, na nilikuwa siwezi kukuandikia hivyo. Nilishindwa kabisa, Kasuku. Nikaichimba barabara.

Sasa turudi kwenye barua yako. Nikasoma mpaka pale sauti yako inaposhuka. Mama akaacha kucheka. Akaniambia nirudie hapo. Nikarudia. Akasema, "Hakosei huyo. Pale ni chini. Siku zote pale ni chini."

Akaimba neno lile moja, mlangoni, polepole, na likashuka. Palepale pa kitufe chenye doa la sigara.

Wewe ulijifunza wimbo ule chini ya piano ile, mimi juu yake, na Mama aliutunga kwenye piano iliyoanguka nusu sauti mahali pamoja. Hakuwahi kukwepa kile kitufe. Alikitungia neno. Na mimi, na funguo zangu na sikio langu ninalojivunia, nikakikaza kwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hata ile "iache hivyohivyo" niliisikia kwa sikio la fundi, nikadhani anaogopa gharama.

Nikaleta begi langu la vifaa. Kazi hii nimeifanya tangu ujana na sijawahi kuiharibu piano kwa makusudi, mkono wenyewe ulikuwa unakataa. Mama alisimama nyuma yangu. Nikalegeza kidogo, nikagonga, akasema bado. Nikalegeza, akasema bado. Nikalegeza tena kidogo sana, akasema, "Hapo. Toka kwenye kiti changu."

Akaimba wote. Daraja lote, na kordi zangu mbili, na mlangoni ikashuka kama mtu anayekaa kwenye kiti alichokizoea. Nililia. Nakuandikia waziwazi kwa sababu Mama ameshaniona na amenipa kanga yake nijifute.

Kuhusu chingamu. Siku ile mezani, kabla hujaingia, Mama Mdogo alikuwa anamenya viazi huku anaimba wimbo wako bila hata kujijua. Mimi nimepiga piano tangu nikiwa na miguu mifupi na sijawahi kusikia mtu akimenya viazi na kitu nilichopiga mimi. Ndiyo maana nilisema vile. Ulikuwa wivu.

Njoo. Njoo sasa hivi na huyo kijana wa mitambo. Barabara haikuwahi kuchimbwa.

Kaka yako,
Fundi


21 Aprili

Kaka,

Shikamoo mara mbili, na ile niliyokunyima.

Nimefika salama. Kijana wa mitambo alilala njia nzima amekumbatia mashine. Ameniambia hajawahi kufanya kazi ambapo mwimbaji anamfukuza fundi wa sauti mpaka jikoni kisha anamletea mkate.

Kuna jambo sikukuambia nikiwa hapo kwa sababu wewe ulikuwa unafunga begi langu na ningelia. Ulipotoka kwenda kununua betri, Mama aliniangalia kwa muda, akaniuliza kama nimetumwa na hoteli. Nikasema ndiyo. Akauliza nimeimba wapi. Nikamwambia hapa na pale. Akaniambia nisimame kwenye mkunjo wa piano, pale wanaposimama waimbaji, mikono isichezecheze, nisifungue kinywa mpaka aniangalie. Tukaimba kiitikio, tukaingia darajani, mimi juu, yeye chini. Tulipofika mlangoni nilikuwa sijafikiria chochote, Kaka, na tukashuka pamoja. Mama akatabasamu. Akasema, "Unafaa wewe. Sauti yako nimewahi kuisikia mahali."

Nimekuwa mwimbaji miaka mingi na sijawahi kusifiwa hivyo. Nilitaka kumwambia mahali penyewe ni chini ya piano. Nikasema asante, mama.

Sasa nikupe ya studio. Nilimwekea Miwani ile rekodi bila kumwambia kitu. Aliposikia Mama anashuka, mkono wake ukaenda kwenye mashine moja kwa moja, kwa mazoea, anyanyue. Yule mama wa besi akamzuia kwa sindano ya kufumia. Akachukua besi, akatafuta chini ya sauti ya Mama, taratibu, mpaka akapata noti ambayo juu yake ile ya Mama haikuwa kosa tena. Mpiga kinanda akaongeza noti mbili katikati. Nikaruka kwenye kiti, maana ilikuwa kordi yako, Kaka, ile ya pili ya daraja, ile uliyosema si ya kuchezea. Sauti ya kabati letu, imeshikwa na jazi kama mtoto anavyoshikwa mkono kuvuka barabara.

Miwani alivua miwani zote tatu. Akauliza kama anaweza kuyabakisha makofi kwenye kiitikio. Nikamwambia makofi yabaki. Kiitikio ni cha jirani.

Wako,
Kasuku, wa hoteli


9 Agosti

Kasuku,

Marahaba. Leo nimetia karatasi moja tu. Utaratibu wako umeharibika, Mama sasa kila barua ikija anauliza, ya pili iko wapi? Anasema ya kwanza ni ya watoto.

Siku zake zimekuwa fupi. Nakwambia kweli kama tulivyokubaliana. Kuna asubuhi piano haitazami kabisa, anapita kama inavyopitwa meza. Wimbo wa taa hajauimba tangu mwezi uliopita. Nilijaribu kumwanzishia mara mbili, akanisikiliza kwa heshima kama anavyomsikiliza mgeni. Kitufe chake kiko vilevile, sijakigusa, kwa hiyo safari hii si mimi. Nikasema basi, tulimuwahi, tushukuru kwa hilo.

Leo mchana alikuwa uani, nimemkalisha kivulini na beseni la nguo ndogondogo, anapenda kushika maji. Redio ya jirani ikawa inapiga zake, siku hizi ni mjukuu wa yule jirani lakini sauti anaifungulia ileile. Mimi niko ndani nafunga waya wa mteja. Nikasikia makofi. Nikakujua kabla hujafungua kinywa.

Nikatoka nimwambie, Mama, ni ninyi hao. Nikamkuta amesimama, mikono ina povu, amesogea mpaka kwenye ukuta wa jirani na kuinamisha sikio la kulia. Amekunja uso vile alivyokuwa akikunja zamani. Kiitikio kilipopita mara ya pili midomo yake ikaanza kutembea. Wimbo ulipoisha aligeuka akaniona, na macho yalikuwa yanang'aa. Akaniambia wimbo ule ni mzuri sana, haujui, hajawahi kuusikia, na yule mwanamke mtu mzima anayeimba katikati anaijua kazi.

Nikafungua kinywa nimwambie. Nikakifunga.

Akanipita mbio kuingia jikoni, maji yanamchuruzika mpaka viwikoni, sakafu nzima imelowa. Sasa hivi amekaa kwenye kiti kirefu, amenibakishia nafasi upande wa kushoto, na anauiba, Kasuku. Anauiba wimbo wake mwenyewe mstari kwa mstari, anakitafuta kitufe cha doa kwa kidole kimoja. Ameshakipata.

Ananiita. Anasema niache kuandika, nije nimtafutie kordi ya hoteli.

Kaka yako,
Fundi